TUPIKE SHIRA YA CHOYA

Mvua zikiisha choya hukomaa. Wengine huiita rozela. Hulimwa, lakini mara nyingi hujiotea yenyewe kando ya mashamba na kwenye mahame. Watoto huitafuna wakiwa njiani, na iliyobaki hukauka bure. Leo tujifunze kuipika iwe shira, yaani maji mazito ya sukari yanayokaa kwa miezi, ambayo huchanganywa na maji ya kunywa.

Ua lenyewe la choya ni la manjano hafifu, na katikati lina wekundu uliokoza. Huchanua siku moja tu, kisha hunyauka. Hilo silo tunalolitaka. Tunataka yale maganda mekundu yanayobaki. Hayo huzidi kunenepa, na baada ya wiki mbili au tatu huwa tayari kuchumwa. Ukichelewa huwa magumu.

Ukilitazama ua hilo utasema ni la pamba au la bamia. Hujakosea, kwani mimea hii mitatu ni ukoo mmoja. Hata wadudu wao ni wamoja! Sasa basi, mkulima akipiga dawa pamba yake, choya iliyo kandoni nayo hupata dawa hiyo hiyo. Hapo usichume hata moja. Kuosha hakutoshi. Na chupa iliyowahi kutiwa dawa ya wadudu isitumike kabisa, hata ukiichemsha mara kumi. Tena usijaribu maua mengine ya porini kwa sababu tu yanapendeza. Mnanaha, wenye ua refu mfano wa tarumbeta, ni sumu.

Haya, tupike. Toa lile tunda la kijani lenye mbegu, ubaki na maganda mekundu. Yaoshe. Pima vikombe 4 vya maganda na vikombe 4 vya maji. Tumia chungu, au sufuria isiyo ya aluminiamu, kwa kuwa uchachu wa choya hula aluminiamu. Chemsha kwa dakika 15, kisha chuja kwa kitambaa safi.

Sasa pima maji yako mekundu. Kila kikombe 1 cha maji hayo kitiwe vikombe 2 vya sukari. Ndiyo, viwili! Hapa ndipo wengi tunapokosea. Kikundi chetu kimoja kilipunguza sukari nusu kwa kubana matumizi. Baada ya siku chache chupa zilianza kutoa povu, vizibo vikaruka, na sukari yote waliyochangia ikamwagwa. Sukari ikiwa nyingi huyashika maji, na vijidudu vya kuchachusha hukosa maji ya kuishi. Ikiwa kidogo, vijidudu hivyo hupata karamu.

Koroga mpaka sukari iyeyuke, na iache ichemke dakika 5. Wakati huo chupa na vizibo viwe vinachemka kwenye sufuria nyingine kwa dakika 10. Tia shira ya moto katika chupa za moto, maana chupa baridi itapasuka. Ziba mara moja, weka mahali pa giza. Vijiko vikubwa 2 katika glasi ya maji yaliyochemshwa na kupoa vinatosha. Mwenye kisukari asinywe.

Lakini sukari ni ghali, hilo tunalijua. Kama huna ya kutosha, acha shira. Anika maganda kivulini juu ya mkeka safi mpaka yavunjike mkononi, uyatie katika chombo kikavu chenye kifuniko. Hayo nayo hukaa kwa miezi, na utachemsha machache kila unapotaka kunywa. Sisi twaona kwa nyumba nyingi hii ndiyo njia bora.

Maswali ya kikundi:

1. Mama amepata vikombe 3 vya maji ya choya. Atahitaji vikombe vingapi vya sukari?

2. Ana vikombe 4 tu vya sukari. Afanye nini na maji yanayobaki?

3. Kijijini kwenu, choya ipi iko karibu na pamba inayopigwa dawa? Watoto wameambiwa?