Somo: Soda Isiyo na Sukari

Katika maduka ya Darajani, na hata vijijini Unguja, soda isiyo na sukari huwekwa bega kwa bega na soda ya kawaida, na mnunuzi mara nyingi hutazama rangi ya kopo tu. Katibu anayesimamia duka la chama hana budi kuijua tofauti.

Kopo la soda ya kawaida la mililita 330 huwa na sukari ipatayo gramu 35. Lile jingine hutiwa vitamu bandia, kama vile aspartemu, ambavyo havipandishi sukari ya damu. Hiyo ndiyo faida yake kwa mgonjwa wa kisukari aliyezoea soda. Lakini mgonjwa atumiaye insulini akianza kutetemeka na kutoka jasho kwa kushukiwa na sukari, soda hiyo haimwokoi. Apewe ya kawaida, au maji ya sukari, maadamu ana fahamu na aweza kumeza. Kukosea kopo hapo ni hatari kubwa.

Kwa wanaotaka kupunguza unene, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2023 kwamba vitamu hivyo visitegemewe. Shauri hilo halikuwahusu wenye kisukari tayari. Mwaka huo huo aspartemu ilitiwa katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani, ingawa ushahidi ni haba, na kiwango cha mwisho kwa siku kikabaki miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu.

Meno nayo hayasalimiki, kwani tindikali imo katika soda zote mbili. Na juisi ya miwa ya Forodhani, pamoja na sifa zake zote, ni sukari vilevile.