Jumatano: Siku Saba Katika Vibanda

Soma Walawi 23:42, 43 na Kumbukumbu la Torati 16:14. Kwa nini Waisraeli walikaa vibandani, na ni akina nani walipaswa kufurahi pamoja nao?

Familia ya Kibaha ikipiga kambi katika msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe, huacha nyumbani milango ya chuma na umeme. Chini ya turubai, baba na mtoto husikia mvua ile ile. Vivyo hivyo, vibanda viliwakumbusha Waisraeli kwamba jangwani hawakulindwa na kuta, bali na Bwana. Lakini Musa anawataja pia mgeni, yatima na mjane. Furaha inayowasahau hao haijatimiza agizo.

Ni mtoto gani jirani yako asiye na wa kumpeleka kambini? Utafanya nini kabla ya safari ijayo?