Draivu Huokoa Umeme, Lakini Si Kila Mahali

Ndugu wanafunzi, hasa mnaosoma uhandisi na mnakaribia kwenda mafunzo ya vitendo, kuna swali ambalo meneja wa kiwanda hupenda kuuliza: tukifunga draivu kwenye mota hii, bili itashuka? Usijibu kabla hujajua mota inasukuma nini.

Kasi ya mota ya induksheni hufuata masafa ya umeme. Kwa umeme wetu wa hezi 50, uga wa sumaku katika mota yenye ncha 4 huzunguka mara 1,500 kwa dakika, na rota huufuata nyuma kidogo. Ukitaka mizunguko 1,200, masafa sharti yashuke hadi hezi 40. Hiyo ndiyo kazi ya draivu. Huugeuza umeme wa gridi kuwa mkondo mnyoofu, kisha transista huukatakata upesi sana na kuunda mkondo geu wenye masafa unayotaka. Volti hushuka pamoja nayo: mota ya volti 400 hupewa takriban 320 kwenye hezi 40. Zikibaki 400, chuma cha mota hushiba sumaku na mota huchemka.

Faida kubwa iko kwenye feni, na kwenye pampu za mfumo uliofungwa. Hapo nguvu hufuata kipeo cha tatu cha kasi. Kasi ikiwa asilimia 80, nguvu ni 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani 0.51. Feni ya kilowati 37 sasa inahitaji kama 19. Kumbe viwanda vingi bado hupunguza hewa kwa kuziba njia yake huku mota ikikimbia kasi ile ile!

Kanuni hii tunaikariri kwa ajili ya mtihani, sharti lake tunalisahau. Chukua pampu inayopandisha maji kilimani, jambo la kawaida Kigali au Kampala. Tangi liko mita 40 juu, na pampu ikiwa kasi kamili huweza kuinua maji hadi mita 50 tu. Kimo hufuata kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo kwa asilimia 80 kinabaki mita 32. Mota inazunguka, umeme unaliwa, na tangi halipati hata tone. Hapa kasi ikishuka chini ya asilimia 89 hivi, hakuna maji.

Mkanda wa kubebea mizigo nao una yake: nguvu hupungua sawa na kasi tu, na feni ya mota yenyewe huzubaa, hivyo joto hupanda. Na mota inayofanya kazi kwa kasi kamili mchana kutwa haiokoi chochote, kwani draivu nayo hula asilimia chache.

Ukitumwa kuifungua, zima umeme kwanza. Kapasita zake hubaki na chaji: subiri dakika zilizoandikwa kwenye kasha, kisha pima kabla ya kugusa.