Tawi Lako Lilichipuka Wapi?

Wiki mbili kabla ya kuwasilisha mradi wetu wa mfumo wa ada za skuli, mwenzangu alinijia hapa Chukwani na laptopu mkononi. "Shekhe, hesabu ya baki ilikuwa inatoka sawa. Umeiharibu wewe?" Nikaruka kimanga. Lakini ushahidi sikuwa nao: tawi langu, "ada", lilikuwa na wiki sita na sikumbuki nililianzia wapi.

Wengi tunadhani Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huandika mahali tawi lilipozaliwa. Haiandiki. Tawi ni jina tu linaloonyesha komiti ya mwisho, yaani hatua ya mwisho uliyohifadhi. Ukiongeza nyingine, jina linasogea. Kinachobaki ni nasaba: kila komiti inamjua mzazi wake.

Basi tuulize kama wazee wanavyouliza harusini: "Nyinyi mnakutana kwa babu gani?"

git merge-base main ada

Jibu ni namba ya babu wa karibu kabisa wa matawi mawili. Kisha:

git log --oneline main..ada
git diff main...ada

Ya kwanza (nukta mbili) inaorodhesha komiti zilizo kwenye ada tu. Ya pili (nukta tatu) inaonyesha kilichobadilika tangu kwa babu.

Tahadhari. Kama ulishaiunganisha main ndani ya tawi lako, babu huyo husogea hadi kwenye komiti ya main uliyoiunganisha mara ya mwisho. Na kama tawi limeshaingia main, utarudishiwa ncha ya tawi lenyewe. Hapo chukua komiti ya muungano, tuiite M, uwaulize wazazi wake wawili:

git merge-base M^1 M^2

Kwenye kompyuta ile ile ulikolianzishia, jaribu pia git reflog show ada, usome mstari wa chini kabisa. Lakini usichelewe: kwa kawaida kumbukumbu hiyo hufutwa baada ya siku 90.

Mimi nilirudi kwa babu, nikaendesha programu: baki sawasawa. Nikashuka komiti moja moja. Ya nne, yenye jina langu, ndiyo iliyoharibu. Nilikuwa nimetoa punguzo la ada mara mbili.

Nilimwomba radhi mwenzangu, tukarekebisha usiku ule ule. Kabla hujaruka kimanga, muulize babu kwanza.