Msaidizi wa Kisheria na Neno la Mshtakiwa: Nafasi ya Mwanafunzi wa Kiswahili katika Haki ya Jinai Kisiwani Mombasa

Utangulizi

Makala haya yanajadili kazi ambayo wanafunzi wengi wa Kiswahili hawaifikirii wanapomaliza shahada zao, nayo ni kazi ya msaidizi wa kisheria katika mfumo wa haki ya jinai. Mjadala umewekwa katika kisiwa cha Mombasa, hasa Mji wa Kale na mitaa inayopakana nao. Hoja yetu ni kwamba kazi hii, kuanzia ngazi ya chini hadi ya usimamizi, inategemea uwezo wa kulisikia neno la mshtakiwa kama alivyolisema, kuliandika lilivyo, na kulifikisha panapostahili kabla halijageuzwa kuwa hatia.

Historia ya mahali inatusaidia kuliona jambo hili. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ilitumiwa kama gereza tangu 1895 hadi 1958. Hatua chache kutoka mlangoni mwake lipo jengo la mahakama lililojengwa mwaka 1902, ambalo leo limo mikononi mwa Makavazi ya Taifa. Zama hizo mfungwa alitoka gerezani hadi kizimbani kwa miguu, na jamaa zake wa Kibokoni au Kuze wangeweza kumwona akipita. Leo mahabusu wa Mombasa hupelekwa Shimo la Tewa, upande wa Shanzu, ng'ambo ya daraja la Nyali. Mama anayetaka kumwona mwanawe hulipa nauli ya kwenda na kurudi, na mara nyingi hurudi bila kujua kesi itatajwa lini. Msaidizi wa kisheria hufanya kazi katika mwanya huo uliopo baina ya seli, mahakama na nyumbani.

Jina la kazi

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Tanzania ya mwaka 2017 inatumia istilahi ‘msaidizi wa kisheria’. Kenya nayo ilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2016, iliyounda Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria na kumtambua rasmi msaidizi aliyeidhinishwa. Hata hivyo, mitaani jina halijatulia. Wapo wanaolitohoa neno la Kiingereza na kusema ‘paralego’, na wapo wanaomwita yeyote anayefahamu makaratasi ya korti ‘wakili’.

Jina hili la mwisho lina hatari yake. Katika Kiswahili cha pwani, wakili ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenzake, maana ambayo neno lilitoka nayo katika Kiarabu. Walii wa bibi arusi akishindwa kufika kwenye nikaha huweza kumweka wakili, wala hakuna anayedhani kwamba wakili huyo amesomea sheria chuoni. Kwa hiyo mzee wa Mji wa Kale anapomwita kijana wa dawati la msaada ‘wakili wangu’, hakosei lugha. Lakini Sheria ya Mawakili ya Kenya inamkataza asiye na sifa kufanya kazi ya uwakili. Msaidizi hasimami mahakamani kumtetea mtu, wala hahoji mashahidi. Anayeanza kazi hii analazimika kulieleza hilo kila siku, na kulieleza kwa upole, maana mteja huona kama anakataliwa.

Kukiri na kukana

Hapa ndipo penye uzito wa makala haya. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Kenya, kifungu cha 198, inasema kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Kifungu hichohicho kinataka ushahidi utafsiriwe kwa mshtakiwa asiyeielewa lugha unaotolewa kwayo. Katiba ya 2010 nayo, katika ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo. Kwa maandishi, basi, Mswahili wa Mombasa amelindwa. Katika utendaji, hati ya mashtaka huandikwa kwa Kiingereza, karani huisoma na kuifasiri papo hapo, mshtakiwa hujibu kwa Kiswahili, na jibu lake huingia katika kumbukumbu ya hakimu kwa Kiingereza. Maneno yamevuka mpaka mara mbili kwa muda mfupi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Hamali wa Marikiti anamdai mwenzake ujira wa wiki mbili. Mdaiwa anampiga chenga, na siku moja hamali anauchukua mkokoteni wake, anaupeleka uani kwake na kusema hautoki mpaka alipwe. Polisi wanamkamata. Anasomewa shtaka la wizi na kuulizwa kama ni kweli. Anajibu kwa lafudhi ya Kimvita: ‘Ni kweli, naliutwaa.’ Ikiwa kitakachoandikwa ni kwamba amekiri, kesi imekwisha hapo.

Je, amekiri nini? Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu kinaufasili wizi kuwa ni kuchukua kitu kwa hila na bila dai la haki. Kutwaa ni sehemu moja tu ya kosa hilo. Hila ni sehemu nyingine, na kukosekana kwa dai la haki ni nyingine tena. Kifungu cha 8 kinamwondolea lawama ya jinai katika kosa la mali mtu aliyetenda kwa dai la haki, kwa nia njema na bila kusudi la kulaghai. Hamali wetu amekubali kitendo, na huenda ana utetezi kamili ambao hakuna aliyemuuliza. Neno ‘kweli’ katika jibu lake linaukubali ukweli wa tukio, lakini hati ya mashtaka inataka kujua habari ya kosa. Mwanafunzi aliyesoma semantiki na pragmatiki analiona hili mara moja. Karani mwenye majalada 40 mbele yake asubuhi ya Jumatatu anaweza asilione.

Mahakama za Afrika Mashariki ziliujua mtego huu zamani. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, Mahakama ya Rufaa iliweka utaratibu ambao ungali unafuatwa: shtaka na viini vyake vyote vielezwe kwa lugha ambayo mshtakiwa anaifahamu; maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema kwa kadiri iwezekanavyo; mwendesha mashtaka aeleze mambo yaliyotukia; kisha mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza lake. Akisema jambo linalotia shaka, ukiri wake unafutwa na kesi inasikilizwa. Uzito wa utaratibu huu unaonekana katika kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo: aliyekiri kosa na kutiwa hatiani na mahakama ya chini hana rufaa ila juu ya ukali au uhalali wa adhabu. Mahakama Kuu huweza kuingilia pale inapoonyeshwa kwamba ukiri haukuwa wazi, lakini kuonyesha hivyo kunahitaji mtu aliyeyaandika maneno yenyewe.

Msaidizi anayezungumza na mahabusu kabla ya siku ya kwanza ya mahakama hawezi kumwambia akiri au akane. Anachoweza ni kumweleza kwa Kiswahili chepesi shtaka lina viini gani, na kwamba yuko huru kusema, ‘Nilikichukua, lakini sikukiiba.’ Kwa maoni yangu, sentensi hiyo fupi ina thamani kuliko semina nyingi za haki za binadamu zinazofanyika hotelini.

Inafaa kulinganisha na mahakama ya kadhi, ijapokuwa yenyewe haishughulikii jinai. Susan Hirsch, katika kitabu chake cha 1998 juu ya mahakama za kadhi za pwani ya Kenya, alichunguza jinsi Waswahili, hasa wanawake, wanavyosimulia migogoro yao mbele ya kadhi, na jinsi usimulizi huo unavyoathiri haki wanayoipata. Mbele ya kadhi mtu hupewa nafasi ya kuhadithia. Katika siku ya kwanza ya kesi ya jinai huulizwa swali moja na kusubiriwa ajibu. Aliyezoea mwendo wa kwanza hupotea katika wa pili.

Dhamana katika mji wa nyumba bila ardhi

Neno jingine linalohitaji kushughulikiwa ni ‘dhamana’. Linabeba fedha zinazowekwa mahakamani, ahadi ya mdhamini, na hati ya mali inayowekwa rehani. Jamaa wengi husema ‘kulipa dhamana’ kana kwamba ni faini, wakakopa na kuuza vitu, kisha wasifuate fedha zao kesi inapokwisha. Fedha hizo hurejeshwa ikiwa mshtakiwa ametimiza masharti, mradi risiti ipo. Kutunza nakala ya risiti ni sehemu ya kazi ya dawati.

Tatizo la pili ni la Mombasa hasa. Ibara ya 49 ya Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa muda umeangukia nje ya saa za kazi (ndiyo maana anayekamatwa Ijumaa jioni huonekana Jumatatu). Ibara hiyo pia inataka aachiliwe kwa masharti yanayofaa isipokuwa pana sababu nzito. Lakini sharti likiwa ni hati miliki ya ardhi, familia nyingi za kisiwani hukwama. Mombasa ina desturi kongwe ya nyumba bila ardhi: mtu anamiliki kuta na paa, ardhi ni ya mwingine, au ni ya wakfu. Familia inaweza kuwa na nyumba iliyorithiwa vizazi vitatu na isiwe na karatasi ya kumpa hakimu. Msaidizi anayelijua hili humsaidia mshtakiwa kuomba masharti yapitiwe upya, akieleza kwa ufasaha kwamba kukosa hati si kukosa makao. Miongozo ya Dhamana ya mwaka 2015 inalenga masharti yanayolingana na hali ya mtu.

Kusimamia dawati

Malawi ilianzisha mwaka 2000 huduma ya wasaidizi wa kisheria wanaoingia magerezani kwa makubaliano na wakuu wa magereza, na mfano huo uliigwa kwingineko, Kenya ikiwamo. Funzo lake kubwa, kwa maoni yangu, lilikuwa la uandishi wa kumbukumbu. Msimamizi wa dawati huishi kwa daftari: jina, nambari ya kesi, mahakama, shtaka na kifungu chake, tarehe ya kukamatwa, masharti ya dhamana, tarehe ijayo, lugha ya mshtakiwa. Kila safu ina sababu. Tarehe ya kukamatwa inahitajika kwa sababu kifungu cha 333 kinaitaka mahakama izingatie muda wa rumande inapotoa kifungo. Tarehe ya hukumu inahitajika kwa sababu rufaa hukatwa ndani ya siku 14, na mfungwa asiye na kalenda huzipoteza.

Safu ya shtaka ilionyesha umuhimu wake miaka ya karibuni. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilitamka kwamba hukumu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji inakiuka Katiba. Wafungwa wengi waliomba adhabu zao zipitiwe upya, wakiwamo waliohukumiwa kwa wizi wa mabavu. Julai 2021 Mahakama hiyo ilifafanua kwamba uamuzi uliwahusu wa mauaji pekee. Daftari lililoandika ‘kunyongwa’ bila kutaja kifungu lisingeweza kumwambia msimamizi nani ameguswa na nani hakuguswa.

Kuingia katika kazi

Chuo cha Sheria cha Kenya hutoa stashahada ya masomo ya usaidizi wa kisheria. Kisiwani Mombasa, Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973, kina tawi. Na MUHURI, iliyoanza mwaka 1997, imefanya kazi ya haki za binadamu pwani kwa miaka mingi. Kwa kawaida mtu huanza kwa kujitolea, huwa msaidizi wa dawati, kisha mratibu anayewasimamia wengine na kuwakilisha shirika katika kamati ya watumiaji wa mahakama.

Haifai kumficha msomaji upande wa malipo. Kazi nyingi za aina hii hutegemea ufadhili wa miradi. Mradi ukiisha, mshahara hukoma, na mara nyingine daftari hubaki katika kabati la ofisi iliyofungwa huku watu walioandikwa humo wangali rumande. Anayetaka kuifanya kazi hii kuwa ya maisha aulize mapema, kabla ya kuuliza mshahara, ni nani atakayelipokea daftari siku mradi utakapokwisha.

Wakati huohuo mafunzo ya kwanza hayahitaji ada. Mashtaka husikilizwa hadharani isipokuwa mahakama ikiamua vingine kwa sababu maalumu. Mwanafunzi anaweza kuketi kwenye benchi la nyuma asubuhi ya Jumatatu na daftari lenye safu mbili: katika ya kwanza aandike alichosema mshtakiwa, neno kwa neno, katika ya pili, kile mkalimani alichomwambia hakimu.