Frederick Douglass na Mkate Wake

Frederick Douglass alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland, Marekani, yapata mwaka 1818. Bibi yake mjini Baltimore alianza kumfundisha herufi, lakini bwana akakataza, akisema kwamba mtumwa ajuaye kusoma hafai tena utumwa. Basi Frederick akawapa watoto wa Kizungu mkate, nao wakamfundisha.

Mwaka 1838 alitoroka, amevaa nguo za baharia, akawa msemaji hodari wa kupinga utumwa. Wengine hawakusadiki kwamba mtu mwenye maneno kama hayo alipata kuwa mtumwa. Kwa hiyo mwaka 1845 akaandika kitabu, akawataja mabwana zake kwa majina, ingawa aliweza kukamatwa. Mwaka 1846 rafiki zake Waingereza walimkomboa kwa fedha. Utumwa ukakomeshwa Marekani mwaka 1865.

Swali: Bwana yule aliogopa nini?