Mfundishe Mtoto wa Mbwa Kukaa Bandani

Hapa Segese, katika Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga, mbwa ni mlinzi wetu. Usiku hulinda zizi la ng'ombe. Mchana hufuatana na wachungaji. Hata kwenye maduara ya dhahabu, wachimbaji wadogo hufuga mbwa ili walinde vifaa vyao.

Lakini mbwa wengi huletwa nyumbani wakiwa wadogo, wakapewa jina na makombo ya ugali, kisha wakaachwa wajilee wenyewe. Wakikua hawajui kamba wala banda. Siku ya chanjo ikitangazwa, mwenye mbwa hukimbizana naye uani mpaka anachoka. Mbwa hutorokea porini, na jioni hurudi bila chanjo. Mbwa asiyeshikika hachanjwi, na mbwa asiyechanjwa aweza kuleta msiba nyumbani.

Kwa hiyo somo letu la leo ni kumzoesha mtoto wa mbwa kukaa bandani. Watu wengine hudhani hilo ni jambo la anasa. Sivyo. Ni jambo la afya ya watoto wako.

UGONJWA TUNAOUOGOPA

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Humwingia mtu anapoumwa, anapoparuzwa, au mate yanapogusa kidonda, macho au mdomo. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu. Katika kila wagonjwa 10, wanne hivi ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wagonjwa wote waliambukizwa na mbwa.

Kuua mbwa ovyo hakumalizi ugonjwa. Chanjo ndiyo huumaliza. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Lakini ili mbwa achanjwe, lazima kwanza akubali kushikwa. Samaki mkunje angali mbichi.

KUJENGA BANDA

Usimtoe mtoto wa mbwa kwa mama yake kabla hajatimiza wiki 8. Kabla hujamleta, tayarisha banda. Si lazima liwe la gharama. Miti, mbao chakavu au matofali ya udongo yanatosha, na paa la nyasi. Liwe kivulini, sakafu iinuke kidogo ili mvua isiingie, na hewa ipite. Mbwa mzima aweze kusimama, kugeuka na kulala akijinyoosha. Kwa sasa ziba sehemu ya nyuma, abakiwe na nafasi ndogo, maana mbwa hapendi kuchafua mahali anapolala. Tandika gunia kavu, na ulifue mara kwa mara.

KUMZOESHA

1. Siku za kwanza acha mlango wazi. Tupa tonge la ugali ndani, aingie mwenyewe. Usimsukume. Mpe chakula chake humo humo.

2. Akishazoea, funga mlango dakika chache huku umekaa karibu. Kila siku ongeza muda kidogo.

3. Akilia kwa upweke, subiri anyamaze ndipo umfungulie. Ukimfungulia akiwa analia, umemfundisha kwamba kilio ndicho ufunguo.

4. Mtoe nje mara anapoamka, baada ya kula na baada ya kucheza. Mpeleke mahali pale pale kila mara, na akijisaidia msifu. Mbwa wa miezi miwili hawezi kujizuia zaidi ya saa mbili au tatu. Akihangaika usiku, mtoe, kisha mrudishe bila kucheza naye.

5. Banda lisiwe gereza. Usimfungie humo kwa kumwadhibu, wala usimsahau humo kutwa nzima. Asikose maji. Mbwa anayepigwa na kufungiwa muda mrefu huwa mkali, na ukali wake humwangukia mtoto.

6. Mvalishe ukanda laini shingoni, mfundishe kutembea na kamba. Usitumie waya. Kila siku mshike masikio, miguu na mdomo kwa upole. Watu wazima wote wa nyumbani wamzoeze hivyo, si mmoja peke yake.

Wafundishe watoto nao: wasimguse mbwa anapokula au anapolala, na wasiingie bandani mwake. Baada ya kucheza naye wanawe mikono kwa sabuni. Kinyesi chake kifukiwe, kwa kuwa mayai ya minyoo ya mbwa huwaingia watoto wanaocheza mchangani. Mwulize Bwana Mifugo kuhusu dawa ya minyoo.

SIKU YA CHANJO

Siku hiyo mtoe bandani, mfunge kamba na umpeleke. Wengi huwaacha nyumbani watoto wa mbwa wakidhani ni wadogo mno. Wapeleke pia, hata kama hawajatimiza miezi mitatu, na mtaalamu atakueleza lini warudi. Chanjo irudiwe kama atakavyokupangia, na kadi uitunze.

MBWA AKIMUUMA MTU

Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili. Usipake majivu, pilipili wala dawa ya miti shamba. Kisha mpeleke mgonjwa zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Chanjo ya mtu hutolewa kwa sindano kadhaa, siku mbalimbali. Asiache hata moja.

Hapa ndipo banda linapolipa. Mbwa wako aliyeuma mfungie humo, usimuue, na umwarifu Bwana Mifugo. Atachunguzwa siku 10. Akiwa mzima mpaka siku hizo ziishe, hakuwa akiambukiza alipouma. Lakini mgonjwa asingoje siku 10 ndipo aende kutibiwa.

Ukimwona mbwa aliyebadilika tabia, anayetokwa na udenda, anayeuma ovyo, aliyelegea taya au anayeyumba, usimkaribie. Toa taarifa kwa uongozi wa kijiji na kwa Bwana Mifugo.

Ndugu msomaji, kinga ni bora kuliko tiba. Na mgonjwa wa kichaa cha mbwa akishaanza kuogopa maji, tiba haipo tena. Anza leo, mbwa wako angali mdogo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kitongoji chenu, ni mbwa wangapi wanaoweza kufungwa kamba na mwenyewe bila taabu?

2. Kwa nini mbwa aliyeuma asiuawe mara moja?

3. Mtoto akiumwa na mbwa jioni hii, utafanya nini kwanza? Sabuni iko wapi nyumbani kwako?